Mishono Niliyoiachia

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na Kitinda amerudi kazini. Vyote viwili nilivisubiri kwa hamu na vyote vimekuja nusunusu. Mvua ni rasharasha tu, na mdogo wangu ameingia saa nne badala ya saa mbili.

Naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la vipimo. Mbele kuna viuno na mabega ya wateja, huku nyuma nitakaa mimi. Nikinyamaza kichwa kinaenda mbio, nikisema naambiwa nina mdomo. Basi karatasi ivumilie.

Shule ya jirani imebadilisha rangi ya sare. Tumepewa jozi mia moja na themanini, mashati ya kijivu na sketi na kaptula za bluu, zote ziwe tayari shule zikifunguliwa tarehe sita Mei. Mimi nakata na kuunga, Kitinda anashona kola. Kwa kola hana mpinzani mtaa mzima. Akiwa na mimba ya miezi minane alikuwa anatoa thelathini kwa siku huku akiimba. Sasa mtoto ana wiki tano. Ni msichana, mdogo, wa mviringo, tumempa jina la utani Kifungo. Analala kwenye kapu la vitambaa chini ya meza ya kukatia na hasumbui mtu.

Leo kola tisa. Nilizihesabu mara mbili nikidhani nyingine zimeanguka chini ya meza.

Jumanne, 5 Machi

Kola kumi na moja. Sikusema kitu. Mungu ni shahidi.

Ijumaa, 8 Machi

Umeme ulikatika tangu adhuhuri, tukahamia cherehani ya mguu. Kitinda alikanyaga pedali dakika tano, akasimama, akashika kifua. "Ngoja nipumue, Dada." Nikamwambia pedali ile hata mtoto wa darasa la pili anaikanyaga. Akacheka kidogo. Kola sita.

Siwezi kukaa. Nikikaa naona kola ambazo hazipo.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimefurahi, niandike na furaha isije ikasemwa mimi ni wa kulalamika tu.

Kitinda alikuja na lile gauni lake la maua. "Dada, hili gauni limegeuka adui. Linanibana kiunoni mpaka nashindwa kukaa." Nguo za watu wa nyumbani huwa naziwekea akiba ya kitambaa ndani ya mshono, inchi mbili kila ubavu, maana mwili wa binadamu haukai mahali pamoja. Nikafumua mbavu zote mbili, nikaachia inchi moja moja, nikapiga pasi. Akalivaa, likakaa sawasawa.

"Uzazi umekupenda," nikamwambia. Ni mimi ninayempelekea chakula cha mchana tangu ajifungue, sahani imejaa, na nasimama juu yake mpaka amalize. Nikajiona mtu wa maana.

"Mbona sili kiasi hicho," akasema. "Nikila vijiko vitatu nashiba."

Nikamwambia asiniletee maringo. Mwili hausemi uongo.

Ijumaa, 15 Machi

Sasa kuna kikohozi. Kikavu, kidogokidogo, zaidi akiinama kuokota kitu. Nilikwenda duka la dawa mwenyewe ili asipoteze muda. Muuzaji akaniuliza mgonjwa ni mtu mzima au mtoto. Mtu mzima. Ana tatizo jingine lolote? Hana. Akanipa chupa ya dawa ya kikohozi, nikarudi chini ya mvua nikiwa nimeridhika.

Kola nane.

Jumanne, 19 Machi

Nimegombana na Kitinda.

Niliingia kutoka chumba cha nyuma nikamkuta kalaza kichwa juu ya cherehani, macho yamefumba, kola nusu imening'inia chini ya sindano. Saa tano asubuhi! Nilikuwa sijaketi tangu alfajiri. Nikapiga kofi mezani, si yeye, meza.

"Hivi unanifanya mimi punda wako?"

"Nimechoka tu, Dada."

"Wanawake wote wanazaa. Wewe tu ndiye umezaa ukachoka? Mtoto halii, mumeo anakufulia, mimi nakupikia. Umechokea nini?"

Linaloniudhi kwake tangu utoto ni hilo, hagombani. Alimchukua Kifungo kwenye kapu, akamfunika, akaondoka. Mlangoni akasimama, ameshika fremu, anapumua kama mtu aliyepandisha mzigo. Nikadhani analia. Nikasema moyoni alie, machozi hayaui.

Jumatano, 20 Machi

Hajaja.

Ijumaa, 22 Machi

Shemeji amekuja dukani. Mume wa Kitinda ni fundi wa friji na maneno. Friji huitengeneza nusu saa, maneno kutwa. Siku zote nimesema mdogo wangu aliolewa na redio. Lakini leo hakutania. Alisimama mbele ya meza yangu na kofia mkononi.

"Shemeji, mdogo wako halali kitandani."

"Analala wapi?"

"Kitandani yumo, ila amekaa. Tulianza na mito miwili. Sasa ni minne na begi langu la vifaa nyuma yake. Akilala chali anakohoa, anashtuka, anakimbilia dirishani kutafuta hewa."

"Ni mvua. Chumba chenu kina unyevu."

"Shemeji, mi nakaa humo humo. Mbona mi nalala?"

Nikamwambia wewe unalala hata ukisimama. Mwenyewe nilicheka, yeye hakucheka. Aliniambia ngazi za kwao, ghorofa ya tatu, Kitinda anapumzika mara tatu sasa. Nikasema nitampikia maini. Akavaa kofia yake akaenda.

Jumatatu, 25 Machi

Amerudi, nami nimeona aibu kidogo, kwa hiyo nimekuwa mpole. Amekuja na gauni lile lile la maua. Limembana tena.

Nililiachia tarehe kumi na mbili. Leo ni tarehe ishirini na tano. Nikafumua tena, nikaachia inchi iliyobaki kila upande, na sasa mshono umefika ukingoni, hakuna tena kitambaa cha kuachia. Alikuwa amevaa ndala zangu kwa sababu viatu vyake haviingii. Nilipopiga magoti kupima pindo niliona pale lastiki ya soksi iliposhika mguu. Kulikuwa na mfereji mzima, ngozi imejaa juu na chini, inang'aa. Mkono ulikuwa mwembamba kama kawaida. Shingo nyembamba. Uso umepungua.

Nilikuwa na pini midomoni. Nikamaliza pindo.

Jumatano, 27 Machi

Niandike haraka, kwenye benchi la hospitali, kabla hawajaniita.

Asubuhi hakuja, simu haipokelewi. Nikafunga duka, nikaenda kwake. Nilimkuta ngazini, ghorofa ya pili, amekaa kwenye kidato na Kifungo amefungwa mgongoni. Alikuwa anashuka kuja kazini. Midomo ina rangi ya majivu. Nikamwita, akainua kidole kimoja, maana yake nisubiri. Kisha akasema neno moja. Akapumua. Akasema jingine.

"Dada. Siwezi. Kushuka. Wala kupanda."

Sikumbuki vizuri nilivyomtoa. Najua nilimfunga mtoto kifuani kwangu, na yule kinyozi wa chini pamoja na mteja wake mwenye nywele nusu kichwa walimbeba Kitinda kwenye kiti mpaka barabarani. Ndani ya teksi alikataa kuegemea. Alikaa mbele mbele, mikono magotini, anavuta hewa, na kila dereva alipofunga breki nilimtukana.

Muuguzi wa mapokezi akaanza kuuliza, nami nikaanza kujibu. Ana kikohozi. Wiki mbili. Mafua ya mvua. Anakula vizuri, amenenepa hata. Muuguzi akaweka kalamu chini.

"Mama, naomba ajibu mwenyewe."

Kitinda akasema, "Nikilala. Nazama."

Sijawahi kusikia neno hilo kwake. Labda sikuwahi kumpa nafasi ya kulisema. Muuguzi alichuchumaa, akabonyeza dole gumba kwenye muundi wa mguu, akalitoa. Shimo likabaki. Nililitazama likikataa kufutika. Akauliza, "Umejifungua lini?" Wiki ya tisa hii. Uso wake ukabadilika, akaita kiti cha magurudumu, na kuanzia hapo hakuna aliyetembea tena, wote walikimbia.

Shemeji amefika na mikono ya grisi. Hakuniambia "nilikwambia". Ningependa angesema. Kifungo ananyonya kidole changu. Nimeinuka na kukaa mara ishirini, mlinzi ameshaniuliza kama natafuta choo.

Alhamisi, 28 Machi

Daktari wa moyo ni mwanamke mfupi, anaongea polepole, na mimi watu wa polepole hunichosha, lakini leo ningemsikiliza mpaka kesho.

Jana walimwekea oksijeni na dawa ya kutoa maji mwilini. Leo wamempiga picha ya moyo kwa mashine inayotumia mawimbi ya sauti, ile ile ya wajawazito. Daktari alituketisha, mimi na shemeji.

"Moyo ni msuli," akasema. "Kazi yake ni kuminya, damu itoke. Msuli wa huyu binti umelegea na kutanuka. Moyo mzima hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo kila ukiminya, tuseme asilimia hamsini na tano, sitini. Wake unatoa ishirini na mbili. Damu inakaa foleni nyuma yake, maji yanavuja kwenye mapafu. Ndiyo kikohozi. Ndiyo mito minne. Yanashuka miguuni na tumboni. Ndiyo uvimbe."

"Kama lastiki iliyovutika," nikasema.

"Kama lastiki. Ila lastiki ikilegea unaitupa. Msuli huu unaweza kurudi. Si wote, lakini wengi hurudi, wakiwahi dawa."

Shemeji akauliza ugonjwa huu umetoka wapi. Daktari akasema magonjwa ya msuli wa moyo yana milango mingi. Kuna yanayopita kwenye damu ya ukoo, ya pombe, ya virusi vilivyokuja kama mafua vikaacha madhara, ya presha iliyokaa miaka. Kuna yanayonenepesha msuli, kuna yanayoukakamaza. Huu wa Kitinda umekuja na uzazi. Huingia mwezi wa mwisho wa mimba au miezi michache baada ya kujifungua, na hujificha vizuri kwa sababu dalili zake zinafanana na uchovu wa mzazi yeyote. Kwa nini humpata huyu na kumwacha yule, alisema, hawajui yote.

Nikamuuliza, "Siyo kazi iliyomfanya hivi? Wala maneno?"

"Maneno gani?"

"Maneno tu."

"Maneno hayatanui moyo, mama. Lakini huchelewesha watu kufika hapa."

Kisha akauliza swali ambalo bado linanizunguka. "Mama yenu yuko hai?" Nikasema hapana, alifariki mdogo wangu akiwa na miezi mitatu. Kwa ugonjwa gani? Nyumbani kwetu ilisemwa tu kwamba alichoka.

Jumamosi, 30 Machi

Nimekwenda kwa mama mdogo, aliye mdogo wa mama yangu, mtu pekee aliyebaki wa kuulizwa. Nilikataa kuketi. Nikauliza nikiwa nimesimama mlangoni, mama alikufaje?

"Mwanangu, mambo ya zamani hayo."

"Alikuwa analalaje, mama mdogo?"

Akaondoa makombo yasiyokuwepo kwenye kitambaa cha meza. "Kwenye kiti," akasema mwishowe. "Kile cha mbao, karibu na dirisha. Alisema kitanda kinamzamisha. Na miguu ilikuwa imejaa. Sisi tulimwambia aache kudeka, si yeye wa kwanza kuzaa. Tulimwambia sote. Mimi zaidi."

Akalia. Mimi sikulia, mimi nilitembea. Nimetembea mtaa mzima mara tatu, mwavuli mkononi umefungwa, mvua yote juu yangu.

Sasa niandike kisichoandikika. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Siku ya mazishi mwanamke mmoja, wala simjui, alimtazama Kitinda mikononi mwangu akasema, "Kaingia huyu, katoka mama yake." Neno hilo sikulitema kamwe. Nimemlisha Kitinda, nimemsomesha, nimemfundisha cherehani, sijampiga hata siku moja. Watu husema nimemlea kama mama. Lakini kila alipougua, kila alipochoka, kila alipotaka kubebwa, kulikuwa na kitu ndani yangu kilichosema huyu anadai tena nini, si alishachukua. Hakuchukua. Msuli ulilegea, na watu wazima walikuwepo, na hakuna aliyemuuliza mama kwa nini analala kwenye kiti.

Na mwaka huu mtu mzima alikuwa mimi.

Jumanne, 2 Aprili

Kilo saba zimetoka. Kilo saba za maji! Mimi nilizishonea nafasi.

Ijumaa, 5 Aprili

Mwalimu mkuu alikuja kuulizia sare. Nikamweleza, nikajiandaa kwa vita. Akavua miwani, akasema watoto wanaweza kuvaa za zamani mwezi mmoja zaidi, hakuna aliyefeli mtihani kwa rangi ya shati. Sikuwa nimejiandaa kwa wema, nikamjibu kwa ukali hata hivyo. Baadaye nikamfuata barabarani nikamshukuru.

Jumanne, 9 Aprili

Karudi nyumbani, yaani kwangu. Ngazi za ghorofa ya tatu amekatazwa, kwa hiyo wamehamia chumba cha nyuma ya duka, yeye, Kifungo, shemeji na begi lake la vifaa. Mimi nalala kati ya majora ya vitambaa.

Dawa ni aina nne, zilizochaguliwa kwa sababu ananyonyesha. Chumvi karibu hakuna. Napika chungu kimoja, kwa hiyo chumvi imekosekana kwa sote. Shemeji anasema anakula mpaka chozi linadondoka kwenye sahani, na hilo ndilo linaloleta ladha. Nilicheka. Nilikuwa sijui kwamba huwa anatania akiwa na hofu. Miaka minne nimedhani ni upuuzi.

Kila asubuhi Kitinda anapanda mizani baada ya kwenda haja, kabla ya kula, na mimi naandika. Daktari amesema kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku mbili tatu tusingoje kesho.

Alhamisi, 18 Aprili

Mimi pia nimepimwa, daktari alishikilia, kwa ajili ya ukoo. Msuli wangu mzima. Nilipoambiwa sikufurahi, niliona haya. Kitinda ndiye aliyepiga makofi.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua kubwa. Shemeji amejifunza kupiga pasi kola. Ya kwanza ilikuwa na masikio mawili ya sungura, tukamvalisha Kifungo. Ya kumi ilipita. Kitinda anafundisha akiwa ameketi, miguu juu ya kigoda, na amri zake ni kali kuliko zangu. Mizani haijasogea.

Jumatatu, 6 Mei

Shule zimefunguliwa. Watoto mia moja na kumi wamepita mbele ya duka na kola zilizosimama.

Jumamosi, 11 Mei

Daktari alimwambia jana asibebe mimba nyingine, angalau mpaka moyo urudi kabisa, na hata ukirudi wakae naye kwanza wazungumze, maana ugonjwa huu huweza kurudia na mara ya pili huwa mkali. Wakapanga njia ya uzazi wa mpango hapo hapo.

Leo asubuhi Kitinda alikaa kimya mbele ya cherehani. Alikuwa anataka watoto watatu, alishachagua mpaka majina. Nikatafuta la kusema nikakosa, mimi niliyeambiwa nina mdomo. Shemeji alikuwa sakafuni anafungua mota ya feni.

"Mi nilioa mtu," akasema bila kuinua kichwa. "Sikuoa idadi."

Kitinda akamrushia bobini. Kisha akalia sana, naye akamwacha alie, akamshika kisigino tu. Kumbe mtu anaweza kuachwa alie na mkono ukiwa juu yake.

Jumatatu, 20 Mei

Jumamosi kilo hamsini na nane. Jana hamsini na tisa. Leo sitini kasoro kidogo.

"Ni chakula," Kitinda akasema. "Nimeanza kula, Dada, mbona hufurahi?"

Nilibonyeza muundi wake kwa dole gumba. Shimo dogo, lakini shimo. Nikamuuliza polepole, ajibu mwenyewe, nikangoja mpaka ulimi ukaniuma kwa kuungojesha. Dawa ya maji anameza? Akatazama pembeni. Siku nne hajameza. Mama mdogo alimwambia uso umejaa vizuri, amepona, dawa nyingi huchosha mwili. Na dawa yenyewe inampeleka chooni mara kumi, kola haziishi.

Zamani ningebomoa nyumba. Leo nilimwambia, "Vaa viatu." Saa mbili na nusu tulikuwa hospitali, saa sita tumerudi, dozi imepandishwa, moyo haujaharibika zaidi. Jioni nikaenda kwa mama mdogo. Nilimkuta ameshasikia.

"Nimekosa tena, mwanangu," akasema.

"Tumekosa," nikamjibu. Nilikunywa chai yake, nikiwa nimeketi.

Jumatatu, 3 Juni

Mvua zimekwisha. Hamsini na saba na nusu. Vumbi.

Jumatano, 26 Juni

Kesho kipimo cha miezi mitatu. Nimefumua sketi mbili zisizo na kosa lolote.

Alhamisi, 27 Juni

Walimlaza ubavu, wakampaka ile jeli, wakazima taa ya chumba. Safari hii waliniruhusu kuingia. Niliuona kwenye kioo, moyo wa mdogo wangu, wa kijivu, unafumba na kufumbua. Fundi wa mashine anabonyeza vitufe tu. Nilisimama kwa mguu mmoja, kisha mwingine.

Daktari akasoma. "Arobaini na tatu."

Kutoka ishirini na mbili. Shemeji akapiga kelele korido nzima ikageuka. Daktari akainua mkono. Haijawa hamsini na tano, alisema. Dawa hamna kuacha, mizani hamna kuacha, mimba bado hapana, tutapima tena baada ya miezi mitatu. Kuna wanaofika na kuna wanaobaki hapa walipo. Sikuweza kumwomba aniahidi, nilimwona kwamba hatoi ahadi.

Shemeji akaenda kuchukua dawa na Kifungo mabegani. Tukabaki kwenye benchi, mimi na Kitinda. Alikuwa anafunga vifungo vya blauzi yake taratibu. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Siku ile ngazini nilidhani nakufa, Dada. Nikawa nawaza kitu kimoja tu. Kwamba Kifungo utamlea wewe."

"Ningemlea."

"Najua ungemlea." Akafunga kifungo cha mwisho. "Ungemlea kama ulivyonilea mimi?"

Alijua. Miaka ishirini na sita alijua, alikula chakula changu akijua, alishona kola mbele yangu akijua. Nilitaka kuinuka nitembee. Miguu yenyewe ilishaanza. Nikaishika kwa mikono.

"Hapana," nikasema. "Yeye ningemuuliza ameshindaje, nikasubiri ajibu."

Korido ilikuwa imejaa watu wanaoitwa majina yao. Kisha nikamgeukia mdogo wangu.

"Umeshindaje?" nikamuuliza.

Akaanza kunieleza, tangu Januari alipojifungua. Ameeleza mpaka wakaja kufagia, na sikumkatiza.